Shangazi Alivyokwenda Kumtunza Mpiga Saksafoni

Wa kulaumiwa ni Bi Iola Brubeck. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mume wake, Dave, alikuwa mpiga piano hodari wa California ambaye kazi zilikuwa hazimtoshi. Bibi huyu akashika kalamu, akaanza kuviandikia vyuo barua, kimoja baada ya kingine, akivishawishi vimwalike mumewe aje kuwapigia wanafunzi. Vyuo vikakubali. Machi 1953 kundi lile likapiga katika chuo cha Oberlin, Ohio, ndani ya kanisa la chuo, na santuri ikatoka. Mwaka 1954 ikatoka nyingine iliyorekodiwa vyuoni, na tangu hapo jazz imehamia vyuoni na mizigo yake yote. Zamani ilikuwa mali ya vilabu vya usiku, ambako mtu akichoshwa na muziki alikuwa na glasi ya kujiliwaza. Chuoni hakuna glasi. Kuna mabenchi ya mbao, kuna profesa aliyefumba macho ili aonekane anasikiliza, na mwishoni kuna kipindi cha maswali na majibu.

Brubeck mwenyewe hana neno, muziki wake unafuatika. Lawama yangu kwa Bi Iola ni ule mlango alioufungua akasahau kuufunga, maana waliopita nyuma ya mumewe hawakuwa watu wa kufuatika.

Mwaka 1965, huko Chicago, mpiga piano Muhal Richard Abrams na wenzake waliunda chama cha wanamuziki weusi kilichotaka wanachama wake wapige tungo zao wenyewe, si nyimbo za watu. Humo ndimo lilimotoka kundi la Art Ensemble of Chicago. Hawa walikuwa wakipanda jukwaani baadhi yao wamejipaka rangi usoni, mpiga tarumbeta wao Lester Bowie amevaa koti jeupe la maabara, na jukwaa limesheheni kengele, filimbi, honi za baiskeli na vikorokoro ambavyo mama yako angekuamuru uvirudishe ulikoviokota. Mwaka 1969 wakahamia Paris kwa muda. Chicago ilikuwa haiwalishi, na si ajabu: mwenye klabu anaishi kwa bia, na msikilizaji wa muziki huu hanunui bia. Anatoa daftari.

Chuo ndicho chenye ukumbi usiodaiwa kodi, fungu la utamaduni na, zaidi ya yote, wanafunzi wanaohudhuria ili wapate alama. Ndipo wakubwa wa fani hii wakajikuta walimu. Bill Dixon akaenda chuo cha Bennington mwaka 1968, akakaa huko miaka na miaka. Cecil Taylor akafundisha Wisconsin, akawafelisha wanafunzi wake kwa mkupuo. Sun Ra, aliyekuwa akisema kwa uso mkavu kabisa kwamba ametoka sayari ya Zohali, mwaka 1971 alipewa darasa huko Berkeley. Natamani kujua karani wa ajira aliandika nini kwenye nafasi ya mahali pa kuzaliwa. Naye Anthony Braxton, aliyetunga kipande cha kupigwa na matuba 100, alifundisha Wesleyan mpaka akastaafu. Mia moja. Sijui waliegesha wapi.

Mimi niliingizwa humu na Kiswahili. Nilikuwa nafundisha lugha yetu katika chuo kimoja kidogo cha Ohio, na profesa wa muziki wa hapo, mtu mwema mwenye shauku ya kupita kiasi, alikuwa ameshaamua kwamba kila Mswahili ana undugu na jazz. Hakuwa na ushahidi mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Herbie Hancock na wenzake walijipa majina ya Kiswahili: yeye akawa Mwandishi, mpiga besi akawa Mchezaji, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson, ambaye kweli amesomea udaktari, akawa Mganga. Nilimweleza profesa kwamba kwetu mganga akikupokea vizuri, usishangae ukiambiwa ulete kuku mweusi. Akaandika. Kuanzia siku hiyo nikawa mshauri wake wa mambo yote ya Afrika, na kundi la watu watano lilipoalikwa kutoka Chicago akanitengea nafasi mbili, safu ya nne.

Ya pili nikampa shangazi.

Shangazi alikuwa ametoka Tanga kuja Columbus kumlea binti yake aliyejifungua. Akakuta theluji. Kwa wiki kadhaa alikuwa amefungiwa ndani ya fleti na kichanga, radieta na chaneli za Kimarekani, mpaka binti yake akanipigia simu usiku: "Kaka, nakuomba mtoe mama hata kwa jioni moja. Ameanza kugombana na televisheni, na televisheni inashindwa."

Nikaomba nizungumze naye. Nikamwamkia, nikamwambia kuna jazz chuoni kwetu Ijumaa. Akanyamaza kidogo.

"Jazz gani, baba? Atomic au Jamhuri?"

Vijana wanaosoma hapa wajue kwamba Tanga ya usichana wake ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na kwamba nchi nzima, tangu enzi za Dar es Salaam Jazz Band ya miaka ya 1930, bendi zilibeba jina la jazz huku zikipiga muziki wa watu kucheza. Tabora Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, zote zilikuwa za kusimama. Kwa shangazi, jazz ni habari ya viatu. Ijumaa nilipokwenda kumchukua nikamkuta amevaa gauni la kitenge alilolishonesha kwa ajili ya arobaini ya mjukuu, mtandio wenye nyuzi za dhahabu, na miguuni buti za binti yake za theluji. Viatu vya kisigino alikuwa amevipakata kwenye mfuko wa rambo.

Njiani nilijaribu kumtayarisha.

"Shangazi, hawa watu hawafuati mdundo mmoja."

"Basi hawajazoeana," akasema, akafunga mkanda wa gari. "Watazoeana."

Ukumbi ulikuwa kanisa la zamani lililogeuzwa, dari juu sana, na joto lake lilitoka kwenye mabomba ya mvuke yaliyopita ukutani. Jukwaani palikuwa na saksafoni za ukubwa mbalimbali zimepangwa kwenye stendi, tarumbeta, dabalbesi, dramu, na meza ndefu iliyotandikwa shuka jekundu. Shangazi aliikagua meza ile akaanza kunitajia kwa sauti ya kawaida, yaani ya kusikika safu ya kumi: "Njuga. Kayamba. Kome la kupuliza. Upatu. Ile ni sufuria, mwanangu, naiona, wameibandika utepe." Nusu ya vyombo alivijua. Profesa, aliyekaa mbele yetu, aligeuka akaniuliza kama mama huyu ni mtaalamu. Nikasema ndiyo. Sikuona sababu ya kukataa.

Muziki ulianza bila mtu kujua. Wapigaji waliingia mmoja mmoja. Mama wa filimbi alisogeza kengele hapa na pale, mpiga dramu akasugua ngozi ya dramu kwa kiganja. Tulidhani wanajitengeneza, watu wakaendelea kuzungumza. Ikapita dakika tano, ikapita zaidi. Kisha profesa akafumba macho, na ukumbi mzima ukaelewa kwamba mambo yameanza zamani. Aibu ikatuingia wote isipokuwa shangazi, ambaye bado alikuwa anawaonea huruma kwa kuchelewa kufunga mitambo.

Hapo ndipo mabomba yalipoanza kugonga. Anayekaa nchi za baridi anayajua mabomba ya mvuke: maji yakikwama ndani, mvuke ukaja kwa kasi, bomba linalia kung, kung, kung, utadhani kuna mtu amefungiwa humo. Mpiga dramu akainua kichwa. Akajibu. Kung, likasema bomba. Kung-tata, akasema yeye. Tarumbeta ikajiingiza katikati, na ninakiri ilikuwa burudani, kwa sababu bomba lilikuwa na msimamo kuliko wote waliokuwa jukwaani.

Sasa mmoja wa wanafunzi waliokuwa wakielekeza watu viti, kwa nia njema kabisa, akamwita fundi. Akaingia kwa mlango wa pembeni mtu wa makamo, ovaroli ya bluu, tochi kifuani, spana ya bomba mkononi. Alipita mbele ya jukwaa kwa adabu, ameinama kidogo, akapiga goti kwenye radieta. Akaligonga bomba mara mbili kulisikiliza. Saksafoni ikalia mara mbili. Fundi akatazama nyuma. Akafungua vali, mvuke ukatoka kwa mlio mrefu wa ssss, na mama wa filimbi akashusha filimbi akafanya ssss kwa meno. Nyuma yangu nilisikia kalamu zikikimbia kwenye karatasi. Fundi alipomaliza akasimama, akapangusa mikono kwenye ovaroli, na ukumbi ukamshangilia kwa makofi mazito. Mtu yule alitoka ameshika kofia, macho yamemtoka, na sidhani kama alipata kupigiwa makofi kwa kutoa hewa kwenye bomba kabla au baada ya usiku ule.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Kuna watu wanaodai kila mlio wa muziki huu ni hekima tupu, na hao ni waongo au wanatafuta alama. Baada ya fundi kuondoka kilifuata kipande kirefu cha dabalbesi kusuguliwa chini ya daraja lake, mlio wa mlango usiotiwa mafuta, na kilichosha. Wanafunzi wawili walilala wameegemeana. Mimi nilianza kuhesabu vioo vya dirisha. Shangazi alitoa tasbihi.

Katikati ya kipande hicho, mkoba wa shangazi ukaadhini.

Simu yake haikubadilishwa saa. Alikuwa na nyingine ya Ohio aliyopewa na binti yake, lakini ile ya nyumbani aliiacha na saa za nyumbani, na kwa hesabu ya Tanga ilikuwa saa kumi na moja na ushei alfajiri. Sauti ya muadhini ikajaa ndani ya kanisa. Shangazi akaingiza mkono mkobani, akatoa kanga, akatoa pakiti ya panadoli, akatoa ubani kwenye karatasi, akatoa soksi ya mtoto. Simu ilikuwa imezama chini kabisa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta mlango kwa macho.

Jukwaani wakanyamaza. Mpiga dabalbesi, mzee wa ndevu nyeupe, akashusha upinde, akainamisha kichwa, midomo ikawa inaitikia. Niliyapuuza kwa uzembe wangu mambo niliyoyajua: Art Blakey alisilimu, Yusef Lateef alisilimu, Ahmad Jamal na McCoy Tyner vilevile, kizazi kizima cha wapiga jazz kilipita mlango huo. Adhana ikaisha yenyewe. Mzee akanyanyua macho, akamtafuta shangazi, akamwamkia kwa salamu ya Kiislamu. Shangazi akaitikia, kisha akaona ni haki amweleze, kwa Kiswahili, kwamba Tanga kumeshakucha. Profesa alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha kubwa.

Kuanzia hapo shangazi alisikiliza kwa namna nyingine, kwa sababu sasa alikuwa na mtu wake jukwaani.

Mpiga saksafoni alikuwa mzee zaidi ya wote, mwembamba, suti nyeusi, uso umechorwa mistari miwili ya chokaa. Alisogea mbele akaanza sauti moja. Ikaenda. Ikaendelea kwenda. Watu wakaanza kubadilishana macho, maana hakuna kifua chenye pumzi ya kiasi kile. Siri yake ni kwamba mpigaji anahifadhi hewa mashavuni, na huku mashavu yanaisukuma nje, pua inavuta nyingine ndani, hivyo mlio haukatiki. Roscoe Mitchell wa lile kundi la Art Ensemble amejulikana sana kwa ufundi huo, na profesa alikuwa ametuandikia aya nzima juu yake kwenye karatasi ya programu. Shangazi hakuisoma. Alinipiga kiwiko.

"Huyu wa zumari, huyu! Tazama mashavu. Hivyo ndivyo wapiga zumari wetu wanavyofanya. Hawakati." Akakaa wima. "Mbona hamna anayemtunza? Watu gani nyie?"

"Shangazi, huku hawatunzi..."

"Una hela?"

Nilifungua pochi nikiwa na nia ya kumwonyesha kwamba sina. Ndani mlikuwa na noti moja ya dola 20, ya mafuta ya gari. Kabla sijafunga ilikuwa mkononi mwake, na buti zilikuwa zimeshavuliwa.

Msomaji aliyewahi kuhudhuria taarab anajua mwendo ule. Mtu hakimbilii jukwaa. Anakwenda kwa madaha, bega hili, bega lile, noti ameishika juu kwa vidole viwili ili kila mwenye macho aione, na anachukua muda wake kwa sababu hela ni zake. (Zilikuwa zangu.) Shangazi aliteremka safu nne kwa mwendo huo, katika viatu vya kisigino, mbele ya kitivo kizima cha sanaa. Mpiga saksafoni alimwona anakuja. Macho yalimpanuka, ila mlio haukutetereka. Shangazi akamzunguka mara moja, akamtazama kwa kumridhia, akambandika noti kwenye paji la uso. Kwa jasho lile ilishika barabara, na uso wa Andrew Jackson ukawa unatutazama kutoka kichwani kwa mzee wa Chicago.

Mzee akapinda magoti, saksafoni ikapanda juu ikalia kilio ambacho hata mimi, niliyekuwa nimeishiwa na mafuta na heshima kwa wakati mmoja, kilinisimamisha nywele.

Wanafunzi wakadhani ndio utaratibu. Binti mmoja wa nywele za bluu akatoka, akaja nyuma ya shangazi akijitahidi kuiga bega. Kijana mwingine akapekua mifuko, hakuwa na hela, akambandika mzee kuponi ya piza. Msururu ukawa mrefu. Na hapo likatokea jambo ambalo programu haikulitaja: mpiga dramu akaacha kumfuata mpiga tarumbeta akaanza kufuata nyonga za shangazi. Dabalbesi ikamfuata dramu. Tarumbeta ikasalimu amri. Kwa mara ya kwanza usiku ule kundi zima likasimama kwenye mdundo mmoja, mzito, wa kwenda na kurudi, na Atomic Jazz wenyewe wangeupokea bila maswali.

Shangazi alirudi anahema, akaketi, akajipepea kwa karatasi ya programu.

"Nilikwambia watazoeana."

Kipindi cha maswali kilikuwa kama vipindi vya maswali vilivyo. Mwanafunzi mmoja aliuliza juu ya uhusiano kati ya bahati na dhamira katika utunzi, swali lililokuwa refu kuliko vipande viwili vya mwanzo. Mpiga saksafoni akamjibu kwamba wakati mwingine bomba linagonga tu. Profesa ndipo akamgeukia "mgeni wetu mtaalamu" na kuniomba nitafsiri. Shangazi alikuwa na swali tayari.

"Waulize harusini wanachukua kiasi gani."

Nilitafsiri. Wapigaji wote watano wakacheka, halafu wakatazamana, halafu wakaanza kushauriana kweli. Kiasi walichotaja shangazi alikiona kikubwa, ila alikubali kwamba watu watano wenye mizigo ile hawawezi kupanda daladala.

Baadaye mpiga saksafoni alitufuata mlangoni, noti mkono mmoja, kuponi mkono mwingine. Alitaka kurudisha. Nilinyoosha mkono haraka. Shangazi akaushusha.

"Aliyetunzwa harudishi. Mwambie ni matusi."

Mzee akaelewa bila mkalimani, akaitia noti kwenye mfuko wa koti. Kuponi akanipa mimi. Ilikuwa imeisha muda tangu Desemba.

Gazeti la wanafunzi wiki iliyofuata lilisifu onyesho. Lilimtaja kwa heshima mpigaji wa sita, mtu wa ovaroli, na likalalamika kwamba jina lake halikuwekwa kwenye programu. Adhana liliiita sauti iliyorekodiwa na kupachikwa mahali pake kwa ustadi. Juu ya shangazi liliandika kwamba alikuwa mcheza ngoma mgeni aliyealikwa na kundi. Mwandishi wake, nilikuja kujua, alikuwa mmoja wa wale waliolala.

Muziki huu haujafa, na wazee wake ni wagumu. Sun Ra alifariki mwaka 1993, kundi lake likabaki, na Marshall Allen, aliyezaliwa mwaka 1924 na kuliongoza kwa miaka mingi, alitimiza miaka 100 akiwa bado anapuliza saksafoni. Kwa hiyo ukisikia kundi la namna hii linapiga kwenye chuo kilicho karibu nawe, nenda, kiingilio mara nyingi ni bure. Mpeleke na shangazi yako. Ila simu zote mbili zizimeni, na noti uzichenji kabla hamjaingia.